Taa ya dagaa isiyojichoma: kuweka kinga ya joto kwenye draiva ya LED

Boksi la taa ya kuvulia dagaa usiku likizibwa vizuri, maji ya ziwa hayaingii, lakini joto nalo halitoki. LED inayokula wati 7 hutoa takriban wati 5 za joto, na draiva, yaani saketi inayodhibiti umeme wa LED, huongeza lake. Ndiyo maana taa inayotoka Igombe, mwalo wa Ziwa Victoria karibu na Mwanza, ikiwa nzima hufifia kabla ya alfajiri, na baada ya miezi michache inakufa.

Anza na draiva yenyewe. Ukishusha volti kwa rezista, betri ya volti 12.6 ikiwasha LED ya volti 9.5 kwa ampea 0.77, wati 2.4 zinaungua bure ndani ya boksi. Draiva ya kuswichi (inayowasha na kuzima umeme haraka sana badala ya kuuchoma), kama ile ya chipu ya PT4115, hupoteza wati 1 au pungufu. Mkondo wake unawekwa na rezista ya kupimia: gawanya 0.1 kwa omu zake. Omu 0.13 ni ampea 0.77.

PT4115 ina kinga yake ya ndani, ila hiyo hushtuka chipu ikiwa imeshapita nyuzi 150. Inaokoa chipu, LED inakuwa imeshaungua. Tumia mguu wa chipu unaoitwa DIM, wa kupunguza mwanga: ukiwa na volti 2.5 au zaidi mkondo ni kamili, chini ya hapo unapungua taratibu.

Unahitaji regyuleta ya 78L05 (inayotoa volti 5 thabiti), rezista ya kilo-omu 1.8, thamista ya NTC ya kilo-omu 10 (B 3950), yaani rezista ambayo omu zake hupungua joto likipanda, na kapasita ya nanofaradi 100.

Toa volti 5 kwenye 78L05, zipitishe kwenye rezista ya kilo-omu 1.8 hadi DIM. Thamista iunge kati ya DIM na hasi, kapasita sambamba nayo, karibu na chipu. Thamista ikifika nyuzi 70 inabaki na kilo-omu 1.76 hivi, na hapo mkondo unaanza kushuka. Kwenye nyuzi 80 taa inabaki na asilimia 83 ya mkondo; kwenye 100, asilimia 56. Mvuvi ataona mwanga umepungua kidogo, lakini dagaa hawatatawanyika gizani.

Thamista ikae kwenye bamba la alumini, milimita chache kutoka kwenye LED, imepakwa pesti ya joto. Ikining'inia hewani itasoma joto la chini na haitakinga kitu. Pesti iwe nyembamba. Ikiwa nene inazuia joto badala ya kulipitisha.

Kosa la hatari ni waya wa thamista kukatika. Taa haizimi: DIM inapanda hadi volti 5, inawaka kwa nguvu zote bila kinga, na hakuna anayejua. Lehemu kwa uangalifu na ufunge waya usicheze mtumbwi unapopigwa na mawimbi.

Kupima, toa thamista, weka mahali pake rezista ya kilo-omu 1, iigize thamista iliyopata joto. Mkondo wa LED ushuke hadi ampea 0.55 hivi. Kisha rudisha thamista, funga boksi, washa saa nzima mchana. Bamba likipita nyuzi 80, ongeza alumini nje ya boksi, au weka rezista ya kupimia ya omu 0.2, upate ampea 0.5.

Kuziba, epuka silikoni inayonuka siki. Inakula shaba ya bodi.