Slivu au baipasi: namna ya kuchagua upasuaji wa kupunguza uzito ukiishi Malindi au Lamu

Anayefikiria upasuaji wa kupunguza uzito huuliza kwanza: nitashuka kilo ngapi? Jibu lake ni fupi. Chukua mtu wa kilo 112 mwenye kimo cha mita 1.60. Kwa wastani slivu (kukata na kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo) humpunguzia karibu robo ya uzito wake, yaani kilo 28 hivi. Baipasi (kukipitisha chakula kando ya sehemu ya tumbo na utumbo) humpunguzia kama asilimia 30, yaani kilo 33 au 34. Kilo tano au sita katika mwili wa kilo 112 hazitoshi kuamulia jambo zito kama hili. Muhimu zaidi ni kujua kila upasuaji huharibika vipi na baada ya muda gani, na ukiharibika saa nane za usiku ukiwa Shela au Watamu, ni nani atakayekupokea.

Anza na hesabu ya BMI, yaani uwiano wa uzito na kimo. Zidisha kimo kwa kimo, kisha gawanya uzito kwa jibu hilo: 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 112 ukigawanya kwa 2.56 unapata karibu 44. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2022 unasema upasuaji unafaa kuanzia BMI 35 hata kama huna maradhi mengine, na kuanzia 30 kwa mwenye maradhi kama kisukari cha aina ya pili. Mwongozo wa zamani wa 1991 ulitaka 40, au 35 pamoja na maradhi. Baadhi ya bima bado zinashikilia ule wa zamani, kwa hiyo uliza SHA (bima ya afya ya serikali) na bima yako binafsi, na jibu ulipate kwa maandishi. Kwa kimo cha mita 1.60, BMI 35 ni karibu kilo 90.

Aina zilizopo

Slivu ni kukata na kuondoa kabisa asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa tumbo, ukabaki mrija mwembamba kama ndizi. Utumbo hauguswi. Sehemu inayoondolewa ndiyo hutoa kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, ndiyo maana wengi husema hamu ya kula imepoa na si kwamba tumbo limejaa tu. Kilichokatwa hakirudishwi.

Baipasi ya kawaida ina kazi mbili. Kwanza daktari hutenga kifuko kidogo cha mililita 30 hivi juu ya mfuko wa tumbo. Kisha hukata utumbo mwembamba, huunganisha upande mmoja na kile kifuko, na nyongo pamoja na maji ya kongosho hukutana na chakula mbele zaidi, baada ya sentimita 100 hadi 150. Mishono ya utumbo ni miwili. Mfuko wa zamani haukutolewa, umebaki ndani bila kupitisha chakula. Mzizi wake ni kazi ya Edward Mason kule Iowa, Marekani, mwaka 1966, kwa hiyo hakuna aina nyingine kati ya hizi iliyofuatiliwa kwa miaka mingi kuliko hii.

Baipasi ya mshono mmoja hutumia kifuko kirefu na kuruka utumbo wa sentimita 150 hadi 200. Hupunguza uzito vizuri na huchukua muda mfupi mezani, ila nyongo inaweza kupanda hadi kwenye kifuko na hata kooni, na upungufu wa madini ni mkubwa kidogo kuliko wa baipasi ya kawaida.

Zipo nyingine, nazo tutazipita haraka. Mkanda unaofungwa juu ya mfuko wa tumbo umeachwa na madaktari wengi: huteleza, huula mfuko wenyewe, na unahitaji kurudi kliniki mara kwa mara kurekebishwa kwa sindano. Kwa mtu anayevuka na mashua hadi Mokowe kabla hata hajapanda basi, huo ni mzigo. Puto la kumezwa au kuingizwa kwa kamera si upasuaji. Mengi hukaa miezi sita, na yakishatolewa uzito hurudi kwa wengi. Ile inayoruka sehemu kubwa sana ya utumbo ina nguvu kuliko zote, lakini huleta kuharisha, upungufu wa protini na wa vitamini A, D, E na K. Bila maabara ya karibu na mtaalamu wa lishe wa kukufuatilia, usiikubali.

Kwa wengi, basi, uamuzi unabaki kati ya slivu na baipasi.

Kiungulia kwanza

Kama una kiungulia kinachokuamsha usiku, au unakunywa omeprazole, dawa ya kupunguza tindikali, kila siku, slivu si ya kwako mpaka ithibitishwe vingine. Mrija uliobaki una shinikizo kubwa, na tindikali hupata njia moja tu: juu. Utafiti wa Uswisi uitwao SM-BOSS, uliotolewa mwaka 2018 baada ya kuwafuata wagonjwa miaka mitano, ulionyesha kwamba kiungulia kilizidi kwa asilimia 31.8 ya waliofanyiwa slivu na kwa asilimia 6.3 ya waliofanyiwa baipasi. Waliokuwa nacho kabla kikaondoka walikuwa asilimia 60.4 kwa baipasi, na 25 tu kwa slivu.

Usikisie. Omba kupigwa kamera ya tumbo kabla ya kuamua. Mambo matatu yanatafutwa humo: ngiri ya kifuani, michubuko ya umio, na bakteria aitwaye H. pylori. Akipatikana hutibiwa kwa dawa za siku 14, kisha hupimwa tena ili kuhakikisha ameondoka. Umuhimu wa kamera unazidi kwa anayeelekea baipasi, kwa sababu ule mfuko uliotengwa hautafikika tena kwa kamera ya kawaida.

Daktari akikuandikia slivu bila kukuuliza hata kama una kiungulia, tafuta maoni ya pili.

Kisukari

Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili cha miaka mingi, hasa anayetumia insulini, baipasi ina uzito zaidi kidogo katika mizani. Sukari hushuka ndani ya siku chache, kabla hata kilo hazijashuka. Hapo ndipo hatari ilipo: ukiendelea na dozi ileile ya glibenclamide (kidonge cha kushusha sukari) au insulini utazimia. Omba ratiba ya kupunguza dawa kabla hujalazwa, na uwe na mashine ya kupima sukari nyumbani. Dawa za presha zinazokojoza nazo zitazamwe upya. Kwa joto la Kaskazi, mtu anayekunywa kwa vijifundo na bado anameza dawa ya kumkausha maji ataanguka njiani.

Umbali nao uingie kwenye mizani

Slivu huharibika mapema. Mshono mrefu wa stepla ukivuja, mara nyingi huvuja juu karibu na umio, katika siku au wiki za kwanza. Dalili ya mwanzo si maumivu. Ni moyo kwenda mbio: hesabu mapigo dakika nzima ukiwa umetulia, na yakizidi 120 rudi hospitali hata kama unajiona mzima. Homa na maumivu ya bega la kushoto huja baadaye. Kwa sababu hiyo panga kukaa wiki mbili karibu na hospitali iliyokupasua, iwe Nairobi, Mombasa au India. Wanaorudi siku ya nne kwa sababu tiketi ni ya bei nafuu wanacheza pata potea. Na usirudi kwa basi la usiku kutoka Nairobi: kukaa saa nyingi miguu ikining'inia huleta donge la damu, ambalo ni hatari kubwa katika wiki hizo. Ukilazimika kusafiri kwa barabara, simama na utembee kila baada ya saa moja au mbili, na umalize sindano za kuzuia damu kuganda ulizoandikiwa.

Baipasi nayo inaweza kuvuja mapema, lakini ina hatari ya baadaye pia. Mwaka au miaka baada ya kupungua, mafuta ya ndani yakishapungua, utumbo unaweza kupenya kwenye upenyo ulioachwa na upasuaji na kujinyonga. Maumivu huja baada ya kula, hukaza na kuachia, na picha ya kawaida ya eksirei inaweza kuonyesha kila kitu sawa. Inahitajika picha ya CT na daktari wa upasuaji, siku hiyohiyo. Muulize daktari kama huziba mapenyo hayo kwa mshono. Wengi sasa huyaziba.

Kidonda cha pale kwenye mshono ni shida nyingine ya baipasi. Huletwa na sigara, na diclofenac au ibuprofen zinazonunuliwa dukani kama peremende kwa maumivu ya mgongo. Anayefanya kazi ya kubeba mizigo jetini au kwenye mashua, ambaye dawa hizo ndizo rafiki yake, bora aelekee slivu, au aziache moja kwa moja. Paracetamol inaruhusiwa.

Kwa ufupi tungeelekeza hivi: huna kiungulia, kisukari hakijakuzidi, unaishi visiwani na kufika kwa daktari bingwa ni safari, slivu ina mantiki. Una kiungulia kibaya au insulini nyingi, na unaweza kufika Mombasa ndani ya nusu siku (kutoka Malindi ni kilomita 120 hivi), baipasi ndiyo. Mwenye kiungulia kibaya akiwa Faza au Kizingitini hana jibu rahisi. Mara nyingi bado ni baipasi, ila mpango wa dharura uandikwe kabla: mashua ya nani, nani ataipigia simu hospitali ya King Fahd iliyoko Lamu, na ndege au gari litoke wapi.

Kabla ya kutia sahihi

Muulize daktari amefanya upasuaji huu mara ngapi mwaka uliopita, wangapi walivuja, na nani hupokea simu usiku. Uliza bei inajumuisha nini: katriji za stepla, chumba cha wagonjwa mahututi, na kurudishwa mezani mshono ukivuja. Bei ya chini mara nyingi imeacha hicho cha mwisho nje.

Pima damu: HbA1c (wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi), hemoglobini na akiba ya chuma, B12, vitamini D, dundumio (tezi ya shingoni). Anayekoroma na kuamka amechoka apimwe usingizi. Sigara iachwe wiki sita kabla kwa uchache. Miraa na muguka nazo mwambie daktari wa nusukaputi bila haya, maana hupandisha mapigo na presha, na zile soda zinazoambatana nazo hazitakuwa na nafasi tena. Wiki mbili za mwisho huwa ni chakula chepesi sana, kalori 800 hadi 1,000 kwa siku, ili ini lenye mafuta lisinyae na lisimzibie daktari njia.

Chakula na dawa baadaye

Wiki mbili za kwanza ni majimaji: supu ya samaki iliyochujwa, maziwa, mtindi, uji mwepesi bila sukari. Wiki ya tatu na ya nne vilivyopondwa, kisha laini, na chakula kigumu baada ya wiki ya sita. Lengo ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Gramu 100 za changu aliyepikwa zina 20 na ushei, yai moja lina 6, glasi ya maziwa ina 8. Sahani igeuzwe: samaki kwanza, mboga, na wali wa nazi mwisho, kama nafasi ipo. Usinywe maji nusu saa kabla na nusu saa baada ya kula. Kwa baipasi, halua, kaimati na juisi ya ukwaju yenye sukari huleta jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha ndani ya nusu saa. Harusini watakusukumia sahani, na mwenye haya ya kukataa ndiye hutapika.

Vidonge ni vya maisha, na gharama yake iingie kwenye hesabu ya leo: maltivitamini, chuma miligramu 45 hadi 60 kwa mwanamke anayepata hedhi, kalisi miligramu 1,200 hadi 1,500 iliyogawanywa isizidi 600 kwa mara moja na itenganishwe na chuma kwa saa mbili, vitamini D, na B12 kwa kidonge cha kila siku au sindano ya kila mwezi.

Mimba isubiri miezi 12 hadi 18. Uzazi hurudi haraka uzito ukishuka, na vidonge vya kupanga uzazi huenda visifanye kazi sawasawa baada ya baipasi, kwa hiyo njiti au koili ni salama zaidi.

Kwa anayefunga, tarehe ina maana. Ukipasuliwa Mfungo Mosi, mara tu baada ya Idi, una karibu miezi kumi na moja kabla ya Ramadhani nyingine. Hata hapo pata ruhusa ya daktari, kwa sababu lita moja na nusu ya maji kwa vijifundo haiingii kirahisi kati ya magharibi na daku.

Mwisho, beba barua pochini na nakala yake kwenye simu: aina ya upasuaji, tarehe, urefu wa utumbo uliorukwa, nambari ya daktari. Barua hiyo iwe na mstari mmoja wa herufi kubwa kwa zahanati yoyote itakayokupokea ukitapika siku kadhaa: THIAMINI KWANZA, NDIPO DRIPU YA GLUKOSI. Anayetapika mfululizo huishiwa na thiamini (vitamini B1) ndani ya wiki chache, na glukosi bila thiamini inaweza kuudhuru ubongo. Akianza kuona vitu viwiliviwili au kuyumba akitembea, asingoje asubuhi.