Mambo ya kuzingatia kabla duka la PS3 halijafungwa

Machi 2021 Sony ilitangaza kwamba duka la mtandaoni la PS3 (PlayStation 3), mashine yake ya gemu, lingefungwa Julai 2 mwaka huohuo, na la PS Vita, mashine yake ya mkononi, lingefuata Agosti. Wachezaji walilalamika sana. Aprili 19 Jim Ryan, aliyekuwa akiongoza PlayStation wakati huo, akatangaza kuwa uamuzi umebatilishwa kwa mashine hizo mbili, ila PSP, mashine ya mkononi ya zamani zaidi, haikupona. Afueni yenyewe ilikuwa ya muda: Oktoba mwaka huo malipo ya kadi ya benki na PayPal yaliondolewa kwenye PS3 na Vita, na tangu hapo ununuzi ni kwa salio lililomo kwenye akaunti tu. Kwingine biashara imekwisha kabisa. Wii ya Nintendo iliacha kuuza Januari 30, 2019, 3DS na Wii U za kampuni hiyohiyo Machi 27, 2023, na Xbox 360 ya Microsoft Julai 29, 2024. Walionunua zamani wameachiwa nafasi ya kupakua tena walicholipia, lakini Machi 2022 duka la Wii lilizimika bila onyo na likakaa hivyo hadi Julai. Miezi yote hiyo aliyepoteza faili zake hakuwa na pa kwenda.

Gemu isiyo na CD inakaa kwako kwa kutegemea vitu vinne: akaunti, leseni iliyoandikwa ndani ya mashine, faili lililoko kwenye seva ya kampuni, na uhai wa mashine yenyewe. Unacholipia ni ruhusa ya kutumia. California ilipitisha sheria, AB 2426, iliyoanza kazi Januari 1, 2025, inayomtaka muuzaji amweleze mteja jambo hilo waziwazi kabla ya kulipa. Watu wengi wakisikia duka linafungwa hukimbilia kupakua. Nashauri uanze na akaunti, maana ikipotea, hayo mengine matatu hayakusaidii kitu.

Hapa sisi wa Afrika Mashariki tuna tatizo letu. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi zenye huduma ya PSN (PlayStation Network, mtandao wa Sony wa akaunti na duka), kwa hiyo akaunti zetu nyingi zimefunguliwa kama za Marekani au Uingereza, na mara nyingi aliyefungua ni muuza duka, fundi au rafiki, kwa barua pepe ambayo leo hakuna anayeikumbuka. Tafuta barua pepe hiyo. Hakikisha inafunguka, ni yako, na namba ya simu iliyounganishwa nayo bado iko mkononi mwako. Kisha andika mahali nchi iliyochaguliwa na tarehe ya kuzaliwa iliyojazwa siku ile, hata kama ilikuwa ya kubuni, kwa sababu utaulizwa siku ukijaribu kurudisha akaunti. Nchi ya akaunti ya PSN haibadilishwi, na kadi za kuongeza salio hufuata nchi hiyo: kadi ya Uingereza haiingii kwenye akaunti ya Marekani. Mambo ya nchi si madogo. Mei 2024, baada ya Sony kutaka wachezaji wa Helldivers 2 wawe na akaunti ya PSN, gemu hiyo iliacha kuuzwa kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta, katika nchi zaidi ya 170, zile zisizo na PSN.

Kama umewasha ulinzi wa hatua mbili, ule wa namba ya siri inayotumwa kwenye simu, PS3 itakataa neno lako la siri hata ukiliandika sawasawa, kwa sababu haina mahali pa kuiingiza namba hiyo. Ingia kwenye akaunti kwa kompyuta au simu, nenda sehemu ya usalama, tengeneza neno la siri la kifaa, kisha andika hilo kwenye PS3. Nimeona watu wakidhani akaunti imeibwa, wakafungua mpya, na gemu zao zote zikabaki kwenye ile ya zamani.

Leseni nayo ina kikomo. Akaunti moja huruhusiwa kwenye PS3 mbili tu kwa wakati mmoja. Kama moja uliiuza na nyingine iliungua bila kuiondoa kwanza, nafasi zote mbili zimekaliwa na mashine usizokuwa nazo. Kwenye tovuti ya akaunti unaweza kuziondoa zote kwa mkupuo, ila mara moja tu kila baada ya miezi sita, kwa hiyo usisubiri siku ya mwisho. Na kama PS3 yako ni ya mtumba na imechipiwa, yaani imechezewa ili iendeshe gemu zisizolipiwa, usiingize humo akaunti yenye manunuzi yako. Sony hufungia mashine na akaunti kwa sababu hiyo.

Ukishamaliza hayo, pakua. Orodha ya ulivyonunua iko ndani ya usimamizi wa akaunti, kwenye menyu ya PlayStation Network. Ni ndefu, ni nzito, na haina sehemu ya kutafutia jina: unashuka mstari kwa mstari, na demo ulizochukua miaka ile zimechanganyika na gemu ulizolipia. Gemu ya GB 10 inahitaji karibu GB 20 za nafasi tupu, kwa sababu mashine inashusha kifurushi kwanza ndipo inakifungua. Kwa bando la simu hiyo ni gharama kubwa, kwa hiyo chagua kwa akili. Zitangulize gemu ambazo hazikuwahi kutoka kwa CD wala kuhamia mashine mpya. Gemu ya Scott Pilgrim iliondolewa madukani Desemba 2014 na haikurudi hadi Januari 2021. Waliokuwa nayo ndani ya mashine waliendelea kucheza miaka yote hiyo. P.T. ya Konami iliondolewa 2015 na hata walioichukua kihalali hawakuweza kuipakua tena.

Kupakua gemu hakuleti marekebisho yake. Ifungue kila moja ukiwa umeingia mtandaoni, ukubali masasisho, kisha rudi kwenye orodha uchukue nyongeza ulizonunua kando, kama ramani na wahusika.

Halafu zima Wi-Fi, zima mashine, iwashe tena na ufungue gemu moja baada ya nyingine. Jaribio hili watu hulipuuza, na kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote. Final Fight: Double Impact ya PS3, kwa mfano, ilitolewa ikidai uwe umeingia PSN kila unapocheza, hata ukiwa peke yako. Gemu za namna hiyo ni bora uzijue mapema. Na zipo zinazoishi kwenye seva tu: The Crew ya Ubisoft ilizimwa Machi 31, 2024, na CD haikumsaidia hata aliyekuwa nayo. Kwa hizo hakuna maandalizi ya nyumbani. Kampeni ya Stop Killing Games, iliyoanza mwaka huohuo na kukusanya sahihi zaidi ya milioni moja Ulaya, inapigania hapo, na naiunga mkono.

Ndani ya PS3 kuna betri ndogo ya duara, CR2032, inayotunza saa. Ikifa, mashine hupoteza tarehe, na gemu ulizonunua zinaweza kugoma hadi iingie PSN kurekebisha saa. PS4 ilikuwa na shida ya jamii hiyo hadi sasisho la 9.00 la Septemba 2021. Betri ni ya bei ndogo. Mwambie fundi aibadilishe siku anapotoa vumbi na kuweka pesti mpya ya kupoza joto kwenye chipu. Zingatia kuwa nyingi za PS3 zina waya na plagi yake, si ya kuchomeka tu kama ya saa.

Diski ya ndani ya PS3, inayotunza gemu zako, ni ile ndogo ya kompyuta mpakato, inchi 2.5, na kuibadilisha ni rahisi. Lakini data yake imefungwa kwa mashine ileile: ukiihamishia PS3 nyingine, itakuomba uifute. Ndiyo maana nakala ifanywe mashine ikiwa nzima, kwa chaguo la kuhifadhi nakala lililo kwenye mipangilio, kwenda diski ya nje ya mfumo wa FAT32. Sevu zako, yaani kumbukumbu za ulipofikia kwenye kila gemu, zinakiliwe kando kwenye flashi. Zipo chache zitakazokataa kunakiliwa.

Mwisho, chukua daftari uandike barua pepe ya akaunti, jina la PSN, nchi, namba ya mashine iliyobandikwa mgongoni, na gemu zilizopita lile jaribio la bila intaneti. Kaka au mdogo wako anayecheza na wewe ajue lilipo.