Kazi za mradi zimetoweka kwenye mfumo wa kusimamia miradi: uanzie wapi

Kwanza, zuia watu wasiendelee kuhariri mradi huo. Kila badiliko jipya linazidisha ugumu wa kuoanisha data ya zamani na ya sasa.

Kisha thibitisha kwamba data imepotea kweli. Mara nyingi kichujio (mpangilio unaoficha baadhi ya kazi) kimeachwa kimewashwa, au mtumiaji ameondolewa kwenye kundi lenye ruhusa. Ingia kwa akaunti ya msimamizi, ondoa vichujio vyote, tafuta kazi kwa namba yake. Angalia na pipa la taka mapema, maana mifumo mingi hulisafisha yenyewe.

Isipopatikana, fungua rajisi ya matukio, yaani kumbukumbu ya nani alifanya nini na lini. Kumbuka saa zake huenda ni za UTC (saa ya kimataifa ya marejeo), si za kwenu. Kazi 300 zikifutwa ndani ya sekunde chache, shuku skripti (programu fupi inayojiendesha) au faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) lililopakiwa. CSV ndiyo mbaya zaidi: safu wima ya tarehe ikiwa tupu, mifumo mingine hufuta tarehe zilizokuwepo, kazi zenyewe zinabaki, na hakuna anayeshtuka mapema.

Nakala rudufu (backup) usiirejeshe kamwe juu ya mfumo unaotumika. Utafuta kazi halali zilizoingizwa baadaye. Ifungue kwenye seva ya majaribio, ukiwa umezima barua pepe zake, la sivyo wafanyakazi watapokea arifa za zamani. Toa rekodi zilizokosekana tu, uziingize upya. Viambatisho vikague peke yake: mara nyingi hukaa nje ya hifadhidata, hivyo majina ya mafaili hurudi bila mafaili yenyewe.