Pahala unapoonesha kazi zako wametia saini na kampuni inayodhulumu watu, ufanyeje

Wenzangu wachoraji, waimbaji na mafundi wa kuchonga, khabari kama hiyo ikikufikia usianze kupiga kelele, kwanza tafuta karatasi. Nani analipwa, kwa kazi gani, mkataba unamalizika lini. Sie tulikwenda afisi moja hapa Mjini na maneno ya barazani tu, tukaulizwa ushahidi uko wapi, tukarudi kimya na wallahi iliniuma sana.

Halafu soma mkataba wako mwenyewe, maana kama ushakula advansi na wameandika ukijitoa unarudisha, bora ujue mapema.

Barua ndo inafuata. Iwe fupi, ombi moja, tarehe ya kujibiwa, na saini nyingi kadiri mtavyopata. Sydney, Australia, mwaka 2014 wasanii wa Biennale, yale maonesho makubwa ya sanaa, waliandika kuhusu mdhamini wao, kampuni ya Transfield, kwa ajili ya uhusiano wake na kambi za Australia walizokuwa wakifungiwa wakimbizi visiwani Nauru na Manus, mwanzo bodi ikakataa, baadhi ya wasanii wakatoa kazi zao, na mwezi wa 3 mwenyekiti akajiuzulu na udhamini ukakatwa.

Barua isipojibiwa sasa itumie kazi yako, na hapa ndo nataka mnisikilize khasa. Melbourne, huko huko Australia, jumba la sanaa la National Gallery of Victoria lilikuwa linalindwa na Wilson Security, kampuni iliyolinda kambi hizo hizo. Oktoba 2017 wasanii wakaufunika mchoro wa Picasso wa mwanamke anayelia kwa kitambaa cheusi chenye nembo ya Wilson, hawakuuharibu, waliufunika tu. Disemba msanii Candice Breitz akaibadilisha jina kazi yake iliyokuwemo ndani ya jumba hilo hilo, akaiita Wilson Must Go, yaani Wilson lazima aondoke, ikabidi jumba lenyewe liwe linaoneshea watu maneno yale. Mwaka 2018 Wilson hawakuwepo tena.

Sie tunazo kanga! Bibi zetu mtu akiwakera hawajibizani, wanajifunga kanga yenye jina, yaani ule msemo ulioandikwa, wanapita mbele ya mlango wake, ujumbe ushafika. Bas tungeni maneno yenu, yachapisheni, siku ya ufunguzi mjifunge wote mkae mbele bila kusema kitu. Mkitaka kukusanyika nje muulizeni wakili kwanza na polisi wapewe taarifa.

Mlinzi wa getini msimguse wala msimtukane. Yeye hakutia saini chochote, analisha watoto kwa mshahara ule, na mara nyingi ni jirani yenu.

Mkipewa ahadi itakeni kwa maandishi, "tutaliangalia" si jibu. Na mtu mmoja abaki na kazi ya kuikumbuka tarehe ya mkataba kumalizika, sababu wanaweza kuuongeza muda kimya kimya wakati nyie mshatawanyika, mmoja yuko Nungwi anauza picha kwa watalii, mwengine karudi zake Wete.