Mwanasesere wa mazoezi kwa matambara na uzi wa nyavu

Anayejifunza judo au mieleka hapa Mwanza bila kuwa na mwenzake wa kumbwaga anaweza kujishonea mwanasesere wa mazoezi kwa suruali ya jinzi na koti zito la mitumba, akiviunganisha kiunoni kwa uzi mnene wa kushonea nyavu, ambao haukatiki upesi kama uzi wa cherehani. Ajaze matambara makavu yaliyokatwa vipande vidogo, akiyashindilia kwa mpini wa jembe kuanzia miguuni, kwa kuwa nafasi tupu zinazobaki ndani ndizo zinazomfanya mwanasesere ajikunje vibaya baadaye. Mchanga wa ziwani, ingawa ni wa bure, siushauri hata kidogo: hutuama chini, hushikamana ukawa mgumu kama jiwe, na huumiza mgongo wa anayeunyanyua. Kilo 25 hadi 30 zinamtosha mtu mzima anayeanza. Shingoni, mahali panaposhikwa zaidi, mshono uwe maradufu. Na kwa sababu hewa ya ziwa ina unyevu, mwanasesere aanikwe juani mara kwa mara, la sivyo matambara yatavunda. Wangu alihamishiwa bandani kwa amri ya mama.