Kupima Dozi ya Nyutroni kwa Chumvi ya Mwilini

Aliyekulia karibu na majaruba ya chumvi ya Bagamoyo hatashangaa kuambiwa kwamba damu yake nayo ina chumvi. Litakalomshangaza ni kwamba chumvi hiyo huweza kuwa kipimo cha mionzi. Ajali ya kritikaliti hutokea urani au plutoni, metali za nishati ya nyuklia, inapokusanyika kwa wingi na umbo linaloruhusu atomu kupasuka kwa mfululizo, zikamwaga nyutroni (chembe za ndani ya kiini cha atomu) na miale ya gama (mionzi inayofanana na eksirei) kwa ghafla. Nyutroni zinapopenya mwilini, sehemu ndogo sana ya sodiamu iliyomo kwenye chumvi hiyo huzinasa na kugeuka sodiamu-24, ambayo hutoa mionzi na hupungua kwa nusu kila saa 15. Beji ya kupima mionzi wanayoivaa kifuani wahudumu wa eksirei mara nyingi haikutengenezwa kwa ajili ya nyutroni, lakini sodiamu hakuna anayeisahau nyumbani.

Jambo la kwanza ni kuandika saa ya ajali, kwa maana hesabu yote itaegemea hapo. Mwathirika avuliwe nguo na aoshwe kabla ya kupimwa, la sivyo mpimaji atahesabu vumbi lililo juu ya ngozi akidhani ni sodiamu ya ndani. Kisha kipimo cha Geiger, kifaa cha kuhesabu mionzi, kiwekwe tumboni, naye akiinamie. Namba inayopatikana inatosha kutenganisha walioangaziwa na wasioangaziwa, wala isichukuliwe kuwa dozi, yaani kiasi cha mionzi ambacho mwili umepokea.

Dozi huanza kukadiriwa kwa sampuli ya damu, inayowekwa kwenye spektromita ya gama, mashine inayotenganisha miale ya gama kwa nishati yake, ili kutafuta mistari ya sodiamu-24 kwenye nishati za 1,369 na 2,754 kiloelektronivolti. Ikiwa sampuli imepimwa saa 30 baada ya ajali, matokeo yazidishwe mara nne. Ikisubiri saa 75, kilichobaki ni sehemu moja tu kati ya 32. Kwa hiyo uchelewaji ndio adui mkubwa kuliko ubovu wa mashine. Njia hii ilitumika katika ajali ya kritikaliti ya Tokaimura, Japani, Septemba 1999, ambako wafanyakazi watatu waliangaziwa na wawili wakafariki.

Nywele nazo zisitupwe. Salfa iliyomo hugeuzwa na nyutroni za kasi kuwa fosforasi-32, ambayo hutoa miale ya beta pekee na hudumu kwa wiki kadhaa. Zikikatwa za kichwani, kifuani na miguuni, kila fungu kwenye mfuko wake wenye lebo, zitaonyesha ni upande gani wa mwili ulioelekea chanzo. Pete ya dhahabu ihifadhiwe vivyo hivyo.

Sodiamu haisemi lolote moja kwa moja kuhusu gama. Dozi ya gama hutafutwa kwenye beji, ama kwenye kromosomu za chembe nyeupe za damu, ambazo hukuzwa maabara kwa takriban saa 48 kabla ya kuhesabiwa zilizoungana vibaya. Katika taarifa kwa daktari, grei (kizio cha dozi) za nyutroni na grei za gama ziandikwe mbalimbali, kwa kuwa grei moja ya nyutroni hudhuru zaidi.