Kumfundisha mwanafunzi wa uzamili kurekodi EEG, Mwanza

Ukitaka kumwandaa mtafiti wa ubongo pale hospitali ya Bugando arekodi EEG, yaani umeme wa ubongo unaopimwa juu ya ngozi ya kichwa, usimwanzishe na programu ya uchambuzi. Mwanzishe na kichwa cha mtu. Rekodi iliyoharibikia kitini haitengenezeki kwenye kompyuta, na asiyewahi kubandika elektrodi (vidude vya kunasa umeme huo kichwani) hawezi kujua kwamba anachambua takataka.

Mpe futi ya fundi cherehani na penseli ya kuchorea ngozi. Apime kutoka kishimo cha juu ya pua hadi kinundu cha kisogoni. Akipata sentimita 36, alama ya kwanza ya kubandikia elektrodi ikae 3.6, nne zinazofuata zipishane 7.2, zibaki 3.6 kufika kisogoni. Mwenzake apime kichwa hichohicho bila kuangalia alama hizo. Wakitofautiana zaidi ya nusu sentimita, warudie. Mara nyingi kosa liko nyuma: kidole kimeteleza chini ya kinundu.

Nywele zizungumzwe siku ya kupanga miadi. Twende kilioni hupimika iwapo njia ya msuko inapita kwenye alama. Rasta za kubandika lazima zifumuliwe, na aliyemlipa msusi jana atakataa, tena ana haki. Kichwa kioshwe, kisipakwe mafuta.

Ngozi isuguliwe kwa jeli bila kuchubuliwa, ukinzani wa umeme kati ya ngozi na elektrodi ushuke chini ya kilo-omu 5 kwa kila moja. Chaneli zote (mistari ya elektrodi kwenye skrini) zikichafuka kwa pamoja, akague kwanza elektrodi ya rejea, ambayo nyingine hulinganishwa nayo, na ya ethi. Wanafunzi wengi huhangaika na nyingine moja moja, saa nzima ikaisha.

Joto la Mwanza lina adabu yake: jasho huleta mawimbi mapana ya polepole, chini ya hezi 1 (wimbi moja kwa sekunde). Rekodi asubuhi. Feni ielekee miguuni, maana nyaya zikitikisika nazo huandika. Kichujio cha hezi 50, kinachoondoa muungurumo wa umeme wa ukutani, kizimwe wakati wa ukaguzi, la sivyo kitaficha elektrodi iliyolegea. Kompyuta mpakato itumie betri. Muungurumo wa umeme hupungua, na umeme ukikatika haizimi.

Kisha dakika 2 macho wazi, 2 yamefumbwa. Mawimbi ya alfa, hezi 8 hadi 13, yaonekane kisogoni macho yakifumbwa. Yasipoonekana, asikimbilie kuandika ugonjwa: wapo wazima wenye alfa hafifu, na huenda mtu anasinzia au nyaya zimebadilishana. Mwanafunzi mwenyewe akae kitini apepese macho, aume meno, ameze mate, huku mwenzake akiweka alama. Uchafu alioutengeneza mwenyewe hatausahau.

Kwa washiriki wa utafiti, kibali cha maadili kitangulie. Ridhaa isomwe kwa Kiswahili, na kwa wazee wengine kwa Kisukuma, ikisema wazi kwamba kipimo hakisomi mawazo wala hakipitishi umeme kichwani.

Faili ghafi lisiguswe. Uchujaji ufanywe kwenye nakala. Na kabla ya mshiriki wa kwanza, msimamizi na mwanafunzi waandikiane nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa makala. Mazungumzo hayo yakingoja matokeo, mwenye cheo ndiye hushinda.